Kujenga titi siku ile ile ya kuondolewa, au kusubiri? Wenye ujuzi shukeni hapa

#1 Kitanzi_Hariri (mleta mada)

Wakuu salaam. Nina hoja, nipingeni kwa ustaarabu: mwanamke anayeondolewa titi kwa saratani asijengewe titi jipya siku hiyo hiyo mpaka majibu ya maabara ya lile lililotolewa yatoke.

Sababu ni mionzi. Kabla ya kisu mnakuwa na biopsi ya sindano (kinyama kidogo cha kupima) na picha tu. Ukubwa halisi wa uvimbe na idadi kamili ya mitoki ya kwapa iliyoingiliwa hujulikana nyama ikishatolewa na kusomwa, wiki moja hadi mbili baadaye. Mitoki 4 na kuendelea, au uvimbe uliozidi sentimita 5, mionzi ya kifua karibu haikwepeki. Mitoki 1 hadi 3, hapo mabingwa wenyewe hawapatani. Sasa umeshamwekea silikoni, imekaa vizuri, halafu mionzi inapita juu yake. Ngozi inakakamaa, kipandikizi kinapanda kuelekea mtulinga, kinakuwa kigumu. Unamrudisha mezani kutoa ulichoweka. Haraka ya nini?

#2 Koleo

Haraka ni ya ngozi, mkuu. Titi ni vitu viwili: nyama ya ndani na mfuko wa ngozi. Anayejengewa siku ile ile, daktari anapitia mkato mdogo, anatoa nyama yote na kuacha mfuko. Wakati mwingine anaacha hata chuchu, kama uvimbe uko mbali nayo na kipande cha chini yake kimesomwa kikakutwa safi. Ule mkunjo wa chini, titi linapokutana na mbavu, unabaki palepale. Mkunjo huo ukishapotea, kuutengeneza upya ni kazi ngumu na mara nyingi hautokei kama ulivyokuwa.

Asiyejengewa, ngozi ya ziada inakatwa, kifua kinafungwa na ngozi inashikana na mbavu. Ukirudi mwaka mmoja baadaye, ama ulete ngozi kutoka pengine, ama uivute polepole. Titi la kuchelewa lililotoka tumboni huwa na kiraka kikubwa kinachoonekana, rangi ya tumbo juu ya kifua. La siku ile ile hujificha ndani ya ngozi yake lenyewe.

#3 Mwanamionzi

Nyote mna nusu ya haki. Kuna njia ya katikati: siku ya kuondoa titi unaweka kitanuzi, lile puto tupu linalojazwa maji ya chumvi. Kazi yake ya kwanza ni kushika nafasi ili ngozi isishikane na mbavu. Majibu yakija hayataki mionzi, mnaendelea hadi titi kamili. Yakitaka mionzi, unaweza kulipunguza maji ili mihimili ya mionzi ifike vizuri kwenye ukuta wa kifua na kwenye mitoki iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, unapiga mionzi, unasubiri ngozi itulie, miezi 6 na kuendelea, kisha unalitoa na kuweka nyama ya mwili wenyewe.

Kinachosumbua ni kwamba wagonjwa wengi hawaelezwi kuwa kitanuzi si titi. Wanashtuka wakikikuta kigumu na kimekaa juu.

#4 BiKanuni

Nyongeza kwa #3, mtu asije akaumia. Vitanuzi vingi vina kitundu cha kujazia chenye sumaku ndani. Aliye nacho haingizwi ovyo kwenye MRI, mashine ya picha yenye sumaku kubwa: sumaku inaweza kuvutwa, kugeuka au kupasha joto. Kadi ya kitanuzi itembee na mgonjwa, na aitaje kila anapoandikiwa kipimo. Fundi wa mionzi naye aambiwe, maana chuma hicho kinaingia kwenye hesabu za dozi.

#5 Mdoezi

Nimekaa pembeni nanywa elimu. Ila elezeni hiyo kujaza inafanywaje, msije mkadhani wote tulisoma mnakosoma.

#6 Koleo

Kidonda kinaachwa wiki 2 hadi 3. Halafu mgonjwa anakuja kliniki, hakuna nusukaputi. Unapitisha kidude chenye sumaku juu ya titi mpaka mshale wake unapoelekea kitundu, unatia alama kwa kalamu, unasafisha, unaingiza sindano nyembamba wima mpaka uhisi imegusa chuma cha chini. Kabla ya kusukuma, vuta kidogo uone maji yanarudi. Yasiporudi uko nje ya kitundu, usisukume. Kisha unaingiza mililita 50 hadi 100, ukiangalia ngozi. Ikipauka na isirudishe rangi, au mgonjwa akasema kifua kinabana hadi pumzi inakuwa fupi, unarudisha nyuma kidogo.

Hiyo ni kila wiki moja au mbili, hadi ujazo uliokusudiwa na mara nyingi kuzidisha kidogo. Ukishafika, ngozi inaachwa itulie mwezi mmoja hadi mitatu, ndipo anarudi mezani kubadilishiwa kipandikizi cha kudumu.

#7 Mdoezi

Kumbe ni kama kujaza tairi.

#8 Zamu_ya_Usiku

Tairi halikesheshi watu, mkuu. Siku ya kujaza na inayofuata msuli wa kifua unakakamaa kama umebeba magunia. Dawa ya maumivu inamezwa kabla ya kuja, si baada ya kuanza kulia.

#9 Tisa_Sufuri

Maumivu hayo, Zamu, ni ya kitanuzi kilichowekwa chini ya msuli. Siku hizi wengi wanaweka juu ya msuli, kikiwa kimefunikwa na utando wa ngozi iliyosafishwa seli zake zote. Maumivu yanapungua, na titi halirukiruki mtu akisukuma mlango, jambo linalowaudhi sana walio na kipandikizi chini ya msuli. Kasoro yake: kwa mtu mwembamba mikunjo ya kipandikizi inaonekana juu kama maji yanayotikisika, na ngozi ikifa hata eneo la sentimita mbili, hakuna msuli wa kukinga. Kipandikizi kiko nje.

Ila ninyi mnaongea silikoni tu. Nyama ya mwili wenyewe imewekwa wapi?

#10 Kitanzi_Hariri

Iweke wewe mkuu, jina lako tu linaonyesha unashinda kwenye darubini.

#11 Tisa_Sufuri

Haya. Inayotumika zaidi ni DIEP. Unachukua ngozi na mafuta ya chini ya kitovu, umbo la jicho, kutoka nyonga hadi nyonga, bila msuli. Kabla ya siku hiyo mgonjwa anapigwa CT ya mishipa ya damu ili ujue ni mishipa ipi midogo inayotoboa msuli na kupanda kwenye mafuta, minene kiasi gani na iko umbali gani kutoka kitovuni. Unaifuata mshipa hadi mshipa, unatenganisha nyuzi za msuli bila kuzikata, mpaka shina lake kinenani. Juu kifuani unafungua nafasi karibu na mfupa wa kifua, kwenye mbavu ya tatu hivi, unapata ateri na vena za ndani ya kifua. Zina milimita 2 hadi 3. Ateri inashonwa kwa uzi mwembamba sana wa 9-0 chini ya darubini, na vena mara nyingi inaunganishwa kwa kijipete.

Titi moja, saa 6 hadi 8. Mawili, yanaweza kufika 12. Hospitali siku 3 hadi 5. Nyumbani wiki 6 bila kunyanyua kitu kizito. Wiki ya kwanza na ya pili anatembea ameinama kwa sababu tumbo limevutwa. Asilazimishwe kunyooka, ajinyooshe polepole.

Faida: titi ni lake. Akinenepa linanenepa, akikonda linakonda, na halina tarehe ya kubadilishwa. Ilianza 1982.

#12 BiKanuni

Hapo mwisho umechapia, Tisa. 1982 ni TRAM ya Hartrampf, ile inayokwenda na msuli wa tumbo. DIEP kwa ajili ya titi ni Robert Allen, 1992, baada ya Koshima wa Japani kuonyesha 1989 kwamba ngozi hiyo inaweza kuishi bila msuli. Tofauti si ya majina tu. TRAM inachukua msuli, ndiyo maana tumbo kutuna na ngiri huonekana zaidi huko.

#13 Tisa_Sufuri

Nimekubali, kalamu iliteleza.

#14 Zamu_ya_Usiku

Kazi ya saa 8 inaweza kufa saa 9 usiku kwa sababu mtu hakuinua shuka. Flapu, yaani ile nyama iliyohamishwa kuwa titi, huangaliwa kila saa moja kwa saa 24 za kwanza, kisha nafasi inaongezwa. Ninachoangalia:

Rangi. Ikiwa nyeupe, baridi, na ukibonyeza damu inachelewa kurudi, ateri imeziba. Ikiwa ya zambarau, imevimba, ukibonyeza damu inarudi haraka kupita kiasi, na ukichoma kwa sindano inatoka damu nyeusi, vena ndiyo imeziba. Vena ndiyo inayoziba mara nyingi zaidi, na ndiyo inayodanganya, kwa sababu flapu bado ina joto na kifaa cha Doppler, kile cha kusikilizia damu, bado kinaweza kutoa sauti ya ateri. Kwa ngozi nyeusi sana rangi inapotosha. Tegemea joto, ulaini wa kubonyeza na kasi ya damu kurudi, na linganisha na ulichoandika saa iliyopita. Usilinganishe na titi la upande wa pili.

Chumba kiwe na joto, mgonjwa asibanwe na sidiria wala bandeji, asilalie upande huo. Ukishuku, piga simu muda huo huo. Flapu iliyorudishwa mezani mapema mara nyingi huokolewa. Ile iliyosubiri daktari wa asubuhi, sijui. Hospitali zinazofanya kazi hii kila wiki hupoteza chache sana, asilimia 1 hadi 3 hivi au pungufu.

#15 Mwanamionzi

Zamu anapaswa kulipwa mara mbili.

Narudi kwenye hoja ya #1. Titi la nyama likipigwa mionzi nalo linaumia: linasinyaa, mafuta mengine yanakufa na kuwa vinundu vigumu. Lakini halioti ganda gumu kama silikoni. Kwa hiyo anayejulikana mapema kuwa atapigwa mionzi ana njia tatu: nyama baada ya mionzi, kitanuzi cha kushika nafasi halafu nyama, au nyama siku ile ile huku mkikubali kusinyaa. Hiyo ya tatu ina wapinzani wakali na watetezi wakali, na wote wana picha nzuri za kuonyesha.

#16 Kokoto

Samahanini kuingia katikati. Kesi ya kujadili: miaka 44, mwembamba, tumbo halina nyama, titi lilitoka miaka miwili iliyopita, mionzi alishapigwa, ngozi ya kifua ngumu kama ngozi ya ngoma. Mnamshauri nini?

#17 Koleo

Kwanza, silikoni peke yake chini ya ngozi hiyo, hapana. Kitanuzi kitaishia kupasua ngozi au kusukuma mbavu ndani.

Msuli wa mgongoni, ule mpana, unaweza kuletwa mbele kupitia kwapani pamoja na kipande cha ngozi. Haukatwi mishipa yake, kwa hiyo darubini haihitajiki. Ni njia ya zamani, Tansini wa Italia aliieleza 1906. Mara nyingi nyama haitoshi, inabidi kipandikizi kiwekwe chini yake. Mgongoni maji hujaa sana, mrija wa kutoa maji unaweza kukaa wiki tatu na bado yakaja kuvutwa kwa sindano. Anayetumia magongo, anayeogelea au kupanda ngazi za kamba atauhisi upungufu wa msuli huo.

#18 Tisa_Sufuri

Mimi ningeangalia mapaja. Nyama ya nyuma ya paja la juu, chini kidogo ya mkunjo wa tako, ina mshipa wake na kovu linajificha. Inatosha titi dogo. Asikae kwenye kiti kigumu wiki kadhaa, mkato unafunguka.

#19 Mpapasi

Kuna na mafuta ya sindano, mbona mmeyaruka? Unayanyonya kiunoni au mapajani, unayasafisha, unayaingiza kwa matone madogo madogo katika tabaka tofauti. Siri iko kwenye udogo wa tone. Ukimwaga donge moja kubwa, katikati hakufiki damu na kunageuka mafuta yaliyokufa au kinundu. Theluthi hadi nusu ya ulichoweka hunyonywa na mwili, kwa hiyo ni mara tatu, nne, kila baada ya miezi mitatu hivi. Uzuri wake kwa kesi ya #16 ni kwamba hulainisha ngozi iliyochomwa. Hata kama nia ni kipandikizi baadaye, wengine hutanguliza mafuta kurutubisha ngozi.

#20 Kitanzi_Hariri

Mwembamba huyo mafuta utamnyonya wapi mkuu? Kwenye kivuli chake?

#21 Mpapasi

Hahaha. Goti la ndani lina hazina watu wasiyoijua. Ila kweli, hatapata titi kubwa.

#22 Ubapa

Kurasa zote hizi na hakuna aliyetaja njia ya nne: kutojenga. Kokoto, huyo wa #16 aulizwe kwanza kama anataka.

Kubaki bapa si kuachwa bila kumaliziwa. Kufunga kifua bapa vizuri ni ufundi. Ngozi ya ziada inaondolewa yote, mkato unasogezwa mpaka kwapani ili vifundo vya ngozi visibaki vikisugua mkono, na mafuta ya chini ya mtulinga yanasawazishwa ili kusiwe na shimo. Kosa ninalolisikia mara kwa mara ni daktari kuacha ngozi iliyolegea kwa makusudi eti mgonjwa asije akabadili mawazo. Asemaye bapa aseme kabla, iandikwe kwenye fomu ya ridhaa, na aombe kuona picha za vifua alivyovifunga daktari huyo huyo.

Akitaka umbo chini ya nguo, kuna titi la bandia. La pamba jepesi mara tu kidonda kinaporuhusu, la silikoni baada ya wiki 6 hadi 8. Lichaguliwe kwa uzito, si kwa umbo peke yake. Mwenye titi kubwa upande mmoja na hewa upande wa pili, bega linainuka na sidiria inapanda. Lioshwe kila siku kwa sabuni laini, lisiwekewe pini, lilale kwenye boksi lake lenye umbo lake, la sivyo linapata mkunjo na kupasuka.

#23 BiKanuni

Naunga mkono dada Ubapa. Niongeze kwamba kujenga, wakati wowote, hakuongezi uwezekano wa saratani kurudi, na kutojenga hakuupunguzi. Kinachoweza kudhuru ni matatizo ya kidonda yakichelewesha kemo, zile dawa kali za kuua saratani. Kemo ya baada ya upasuaji kwa kawaida inaanza wiki 4 hadi 6 baadaye. Kidonda kilichofunguka kikiisogeza kwa miezi, hasa kupita siku 90, hapo mnacheza na uhai kwa ajili ya umbo. Ndiyo maana mwenye sukari ya juu, mvutaji sigara, au mnene sana huambiwa asubiri.

Sigara iachwe wiki 4 kabla na wiki 4 baada, angalau. Na tafadhali, viraka na pipi za nikotini navyo ni nikotini. Mishipa midogo haijui imetoka kwenye moshi au kwenye kiraka. Tamoxifen, dawa ya homoni ya saratani ya titi, nayo huongeza damu kuganda. Wapasuaji wengi wa darubini huisimamisha wiki 2 hadi 4 kabla, lakini kwa kupatana na daktari wa saratani, si mgonjwa kuamua jikoni.

#24 Kokoto

Aliyejifungua kwa kisu anafaa DIEP?

#25 Tisa_Sufuri

Kwa kawaida ndiyo. Kovu la chini lile la mlalo halikati mishipa tunayoitaka, CT itathibitisha. Asiyefaa ni aliyekwisha kukatwa tumbo la urembo, maana mishipa ile ilikatwa. Na tumbo huchukuliwa mara moja tu. Ukijenga titi moja kwa tumbo leo, la pili likiugua kesho tumbo halipo tena.

#26 Mdoezi

Turudi kwa silikoni. Kwa nini inakuwa ngumu hata kwa mtu ambaye hakupigwa mionzi? Nilisikia ni silikoni mbovu, ndiyo maana Marekani waliipiga marufuku 1992.

#27 Koleo

Silikoni haigandi. Mwili huzungushia kitu kigeni ganda la kovu, kila mtu analo. Kwa wengine ganda linakaza na kubana. Tunalipima kwa ngazi za Baker: I laini, II unalihisi kidogo, III linaonekana limepinda, IV gumu na linauma. Mimi naegemea upande wa vijidudu. Bakteria wachache wa ngozi wanashika kwenye uso wa kipandikizi, wanajifunika utando, hawaleti usaha wala homa, ila wanauchokoza mwili miaka na miaka. Ndiyo sababu ya kubadilisha glavu, kuosha mfuko kwa dawa, na kuingiza kipandikizi bila kugusa ngozi.

#28 Mpapasi

Mimi naona damu iliyovilia na kubaki mfukoni ndiyo mchokozi mkubwa. Damu isiyotolewa inageuka kovu.

#29 Mwanamionzi

Na mionzi inazidi zote hizo mbili. Asiyekuwa na mionzi anaweza kukaza, aliyenayo hukaza zaidi.

#30 Tisa_Sufuri

Kuna hoja ya uso pia. Vipandikizi vyenye uso wa kukwaruza vilitengenezwa ili ganda lisijipange kwa mstari mmoja, na kweli vilionekana kukaza kwa nadra zaidi. Lakini vikaja na balaa lao: saratani adimu ya chembe za kinga inayoota kwenye ganda. Aina ya BIOCELL ya kampuni ya Allergan iliondolewa sokoni 2019 kwa sababu hiyo. Dalili ni titi kuvimba ghafla kwa maji, miaka 8 hadi 10 hivi baada ya kuwekwa. Maji yavutwe na kupimwa, yasimwagwe tu. Tiba ni kutoa kipandikizi pamoja na ganda lote.

#31 BiKanuni

Nimrekebishe Mdoezi. 1992 silikoni ilizuiwa kwa urembo. Waliokuwa wanajengewa baada ya saratani waliendelea kuipata, chini ya tafiti zilizosimamiwa. Zuio liliondolewa 2006. Na mamlaka ya dawa ya Marekani hushauri kipandikizi cha silikoni kipigwe ultrasaundi au MRI mwaka wa 5 au 6, kisha kila miaka 2 hadi 3, kwa sababu kikipasuka ndani ya ganda umbo huweza kubaki lile lile na mgonjwa asijue.

Kuhusu hoja nne hapo juu za kwa nini ganda hukaza (vijidudu, damu, mionzi, uso), sioni atakayemshinda mwenzake leo.

#32 Mpapasi

Wenzake wakubali tu kwamba ni damu.

#33 Koleo

Utando, mkuu. Utando.

#34 Kokoto

Titi jipya linahisi?

#35 Zamu_ya_Usiku

Kwa wengi ni ganzi, hasa katikati. Mishipa ya fahamu inayotoka kati ya mbavu hukatwa pamoja na nyama. Flapu hurudisha kidogo kwa miaka, wengine huunganishiwa mshipa wa fahamu palepale. Hatari ni ya nyumbani: chupa ya maji moto, kikaushio cha nywele, jua kali. Mgonjwa hasikii, anakuja na malengelenge makubwa juu ya titi. Wapewe onyo hilo kwa maandishi.

#36 Kokoto

Na mrija? Huo ndio unaowatesa wengi.

#37 Zamu_ya_Usiku

Mkono mmoja ushike mrija karibu na ngozi ili usivute mshono, vidole viwili vya mkono wa pili vikiwa na mafuta kidogo vikamue kwenda chini, ili donge lisizibe. Fungua kifuniko cha kichupa laini cha kunyonya kilicho mwishoni mwa mrija, mimina kwenye kikombe cha vipimo, andika saa, kiasi na rangi. Kisha bonyeza kichupa hadi kibonyee kabisa, funga ukiwa bado umekibonyeza. Kikijaa hewa hakinyonyi, na hilo ndilo kosa la kila siku. Mrija hutolewa kiasi kikishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo. Nyekundu inapogeuka ya manjano ni sawa. Ikirudi nyekundu ghafla na titi likajaa, ni damu inavuja, asisubiri kliniki.

#38 Mdoezi

Chuchu je? Mnajenga titi halafu mnaliacha bila macho.

#39 Mpapasi

Baada ya miezi mitatu au zaidi, titi likishatulia mahali pake. Vipande vya ngozi ya hapo hapo vinakunjwa na kushonwa kuwa kijipembe. Ukitengeneze kirefu karibu mara mbili ya unachotaka, kwa sababu kitasinyaa kwa nusu hivi. Duara la kuzunguka linachorwa kwa chale za rangi. Wengine wanaruka kijipembe na kuchorwa chuchu yenye kivuli inayodanganya macho. Rangi inafifia, hurudiwa. Ngozi iliyopigwa mionzi haishiki rangi vizuri, na kijipembe chake kinaweza kufa.

#40 Kitanzi_Hariri

Nashukuru wakuu. Nalegeza hoja yangu kidogo: nakubali kitanuzi cha kushika nafasi. Silikoni ya kudumu siku ile ile kwa mwenye mitoki ya kushukiwa, bado napinga.

#41 Koleo

Nami bado natetea, kama mitoki ilishachukuliwa na kusomwa kwanza kwa upasuaji mdogo, wiki moja au mbili kabla ya kuondoa titi. Hapo sehemu kubwa ya swali lako la mionzi inakuwa na jibu kabla ya kisu kikubwa.

#42 Mwanamionzi

Hiyo ni hoja nzuri na inastahili uzi wake. Ukubwa wa uvimbe bado utakuwa haujajulikana, lakini.

#43 Kokoto

Swali la mwisho, la kijinga. Kwa nini daktari humchora mgonjwa akiwa amesimama asubuhi ya upasuaji?

#44 Koleo

Si la kijinga. Akilala, titi linaenda kwapani na mkunjo wa chini unapanda. Katikati ya kifua, mkunjo wa kila upande, na mpaka wa nyama ya tumbo vyote huchorwa akiwa wima, mabega yamelegea. Na kalamu ikifutika bafuni, asijichore mwenyewe. Amwite nesi.